Dakika Kumi na Tano za Utulivu

1

Kolumba Haule alisimama getini dakika nne nzima kabla ya kubisha hodi, na Gaudensia, aliyekuwa dirishani ameshika pazia kwa vidole viwili, alizihesabu zote. Dakika moja ni kawaida. Dakika moja maana yake mgeni anasoma kwenye simu yake kwamba leo asitaje mvua ya mawe, asitaje bei ya mbolea, asiseme habari za kina fulani walioachana. Dakika mbili, kuna mtu anaumwa. Lakini nne? Katika miezi kumi na moja ya kukaa kivulini, kama wanavyokuita kufungiwa huku kwa watu wa presha, hajawahi kuona mtu akiganda pale dakika nne, tena anasoma huku midomo inamcheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kuna kitu," alijisemea. "Haki ya Mungu, kuna kitu."

"Mama Osmunda," ikasema Sauti kutoka ukutani, ile sauti ya kike, laini, iliyokuwa ikimkera kuliko bawaba isiyotiwa mafuta. "Presha yako ni mia moja hamsini na sita. Tafadhali keti. Vuta pumzi taratibu."

"Pumzi navuta tangu nizaliwe. Mfungulie mgeni wangu."

Kolumba akaingia na tabasamu kubwa mno. Ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa maneno mengi, na mtu wa maneno mengi akiingia kimya kimya utajua tu kwamba amebeba kitu. Hakukaa. Alisema ametumwa na jumuiya kuchukua yale masufuria makubwa, yote matatu, na miiko yake. Vyombo vya jumuiya vilitunzwa kwenye stoo ya Gaudensia miaka mingi, toka enzi za marehemu mumewe, na hata alipowekwa kivulini hakuna aliyekuwa na roho ya kumnyang'anya kazi hiyo.

"Yote matatu? Kuna nini huko?"

Kolumba akaitupia jicho simu. "Harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya binti mmoja wa kule juu. Humfahamu."

"Lini?"

"Leo leo. Watu wanaanza kupika sasa hivi."

Gaudensia akamtazama. Akayatazama majivu ya paji la uso ambayo hayakuwapo tena lakini wote wawili walikuwa wameyapokea siku moja, yeye kwa kuletewa nyumbani, majuma matatu yaliyopita. Akauliza polepole, kama mtu anayemwonea haya mwenzake, "Kolumba. Padri gani huyo anafungisha ndoa Kwaresima?"

Masikini Kolumba! Mkono ulimwendea mdomoni wenyewe. Ndiye aliyekuwa amefunga sukari tangu Jumatano ya Majivu na kumtangazia kila mtu mtaani. Angetunga uongo wake mwenyewe angesema ni mkutano, ni semina ya vijana, ni chochote. Lakini orodha ya getini haikuambii tu ufiche nini, inakuandikia na cha kusema badala yake, na watu walishazoea kusoma walichoandikiwa. Iliyoandika ni mashine iliyowekwa mji wa mbali. Mashine hiyo ilijua kwamba masufuria ya jumuiya hutoka kwa mambo mawili, harusi na msiba. Ikafuta moja, ikaweka la pili. Kwaresima hakuna aliyeifundisha.

"Ni msiba," alisema Gaudensia.

"Mimi sijasema hivyo."

"Nani amekufa?"

"Dada Gaude, usiniponze. Ukipanda mpaka mia na themanini wakaona nilikuwa hapa, na mimi wananipeleka kwenye semina ya wiki mbili."

Ndipo Gaudensia alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifikiria kabla. Alimkamata Kolumba mkono, akaugeuza kiganja juu. Pale kwenye kifundo, chini ya ngozi, namba ya kijani ilikuwa ikiwaka kama ilivyowaka kwenye mkono wa kila mtu mzima nchini. Mia moja thelathini na nne.

"Ni Yordani wa mashine ya kusaga?"

Mia moja thelathini na nne.

"Katekista?"

Thelathini na tano. Kolumba anavuta mkono, Gaudensia anakaza. Miaka ishirini na sita ya kuchambua kahawa kiwandani ilimpa vidole ambavyo hata uzee haujavilegeza.

"Ni dada yangu? Ni Sabina?"

Mia moja arobaini na nane. Hamsini na tano. Sitini na moja.

"Sijasema kitu mimi!" Kolumba alichomoka na mkono wake. "Mungu ni shahidi, sijafumbua mdomo!" Akakimbilia stoo, na mlio wa masufuria yakigongana ulisikika mpaka getini na kuteremka nayo barabarani.

"Mama Osmunda," ikasema Sauti, "presha yako ni mia moja sabini na nane. Kwa usalama wako, mlango utafungwa."

Komeo likaingia tundu lake, kaa!

2

Msimlaumu haraka aliyetunga sheria ya kivuli, maana ilipopita watu walipiga makofi, na Gaudensia mwenyewe alipiga. Mume wake Ditrick alikufa mezani. Alipigiwa simu kwamba trekta limemlalia mdogo wake, akasema "Ee?", akasimama, akakaa, akainamisha kichwa kwenye sahani ya ugali. Siku hiyo walililiwa watu wawili badala ya mmoja. Na nyumba zenye kisa cha namna hii zilikuwa nyingi. Kila ukoo ulikuwa na mtu wake wa presha asiyeambiwa mambo: msimwambie bibi, mwacheni kwanza mjomba, tutamweleza mazishi yakipita. Serikali ilichukua tu desturi ya watu, ikaitia mashine.

Kipimo chenyewe ni kidogo kama punje ya ulezi. Wanakipandikiza ubavuni mwa mshipa wa mkono na kinasoma kila pigo la moyo, usiku na mchana, bila kukosea. Ukipita mia na sitini kwa siku thelathini mfululizo, ndugu yako wa karibu anaitwa kuweka sahihi, naye anakuwa mdhamini wako. Kuanzia hapo simu yako inachujwa, redio yako inachujwa, wageni wanapewa orodha getini, na mdhamini ndiye anayejua yote na kuamua lipi liingie. Osmunda, binti yake wa pekee, aliweka sahihi huku machozi yanadondokea kwenye fomu. Alikuwa amemwona baba yake akiinamia sahani. Ungemlaumu vipi?

Ila kipimo kilikuwa na ujinga wake. Kilijua damu inasukuma kwa nguvu gani, hakikujua kwa nini. Hofu, hasira, kupanda ngazi, kucheka mpaka mbavu ziume, kwake vyote ni namba. Siku anaingia kivulini Gaudensia alikuwa na wastani wa mia moja sitini na mbili. Baada ya miezi kumi na moja ya kutosikia lolote baya, ya kulala akijiuliza wanacheka nini nje na wamenyamazia nini, wastani wake ulikuwa mia moja sabini na moja, na vidonge vilikuwa vimeongezwa mara mbili. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walimzidishia kivuli tu.

Njia ya kutoka ilikuwepo, imebandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa. Kaa chini ya mia na arobaini kwa dakika kumi na tano bila kukatika, mlango unafunguka, unapata ruhusa mpaka jua kuzama. Kumi na tano tu! Mwezi wa kwanza alijaribu kila siku. Alifika dakika tisa mara moja, akaona zimebaki sita, akafurahi, na furaha ikampandisha mpaka mia na hamsini. Akaacha.

Sasa ilikuwa saa tano asubuhi. Mazishi ya kwao huwa saa tisa, saa kumi hivi. Makaburi ya Ruhuwiko, mtaa alikokaa Sabina, ni mwendo wa saa moja kwa mguu.

Alikaa kwenye kigoda akajishika magoti. Sabina! Sabina aliyembeba mgongoni mama yao alipofariki, yeye akiwa wa miaka minne na Sabina kumi na mmoja. Sabina aliyemshika mkono akampeleka kiwandani, akamwonyesha punje iliyotobolewa na mdudu na ile iliyochacha, akamwambia usitumie macho peke yake, tumia na kidole. Tangu mwezi wa kumi na moja Sabina hakuja kumtazama. Mguu, alisema Osmunda. Mama mkubwa mguu unamsumbua, anakusalimia sana. Na yeye akawa anaamini, kwa sababu asingeamini angefanya nini?

"Nitamtia udongo dada yangu," alisema kwa sauti. "Hata kama nitaanguka pale pale."

"Presha yako ni mia moja themanini na moja," ikasema Sauti.

Akatazama komeo, akatazama nondo za dirisha. Kelele hazitasaidia. Kulia ndiyo kabisa, akilia hatoki wiki hii. Watu wote duniani wakifiwa wanalia ndipo wanakwenda kuzika, yeye ilimbidi aende akiwa amekauka kama kuni. Alichukua ungo, akamimina maharage bila kupima, akaanza kuchambua.

Alichambua kama zamani. Kidole kinasukuma, kidole kinapokea. Safi huku, mbovu kule, changarawe sakafuni. Uso wa Sabina ulipomjia, aliusukuma pembeni. Ukarudi, akausukuma tena. Mtu asije akakwambia kuwa hilo ni jambo dogo. Ili apate kumzika dada yake ilimbidi kwanza ajifanye hana dada, na kila namba ya ukutani iliposhuka alijiona msaliti. Mia moja sabini na mbili. Sitini na tano. Alimsahau Sabina wa kiwandani. Hamsini na nane. Akamsahau Sabina wa mgongoni, na hapo akatupa punje safi kule kwa mbovu, akaziokota, akaanza upya. Hamsini. Arobaini na sita.

Saa saba na nusu geti likalia.

3

Osmunda hakusimama kusoma kitu. Mdhamini hasomi orodha, yeye ndiye anayeijaza. Aliingia na mfuko wa nyanya, amevaa kama mtu wa kwenda shambani, na kwenye mkono wa kushoto alikuwa amejifunga kipande cha kitenge kuficha kifundo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeacha kazi?"

"Nimeomba ruhusa. Nimeona nije tu nikae na wewe leo."

Wee! Leo kati ya siku zote. Gaudensia alihisi hasira ikimpanda, akataka kumrushia ungo mzima na maharage yake. Wamemtuma aje amlinde asisikie vilio! Lakini ukutani palisomeka mia moja arobaini na tatu. Akameza mate. Akasogeza kigoda cha pili kwa mguu.

"Kaa basi, nisaidie kuchambua."

Wakachambua. Osmunda hakuwa na mkono wa kazi hiyo, aliacha mbovu nyingi zikapita. Mama yake alizifuata nyuma na kuzitoa. Nje jua lilikuwa kali, na mahali fulani chini ya mtaa watu walikuwa wakipasua kuni. Gaudensia hakusikiliza. Safi huku, mbovu kule.

Mia moja thelathini na tisa.

Saa ya mlangoni ikawaka, tarakimu nyeupe, ikaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka kumi na tano.

Osmunda aliinua macho. "Mama? Unataka kwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu."

"Jua hili?"

"Wewe chambua."

Dakika kumi na tatu. Kumi na moja. Zikabaki sita, kama siku ile, na safari hii Gaudensia hakujiruhusu hata kufurahi. Mia moja thelathini na saba. Alishapanga: akitoka atapita njia ya kisimani, hatamuaga mtu, atafika makaburini kabla ya jeneza kushushwa. Binti yake atalia, alie. Wataelewana baadaye.

Zilipobaki tano aliona kuwa Osmunda ameacha kuchambua. Ameshika punje moja, anaigeuza tu vidoleni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na kitenge cha mkononi kilikuwa kimelegea. Gaudensia akainama kama anayeokota changarawe, akaisoma namba ya mwanawe.

Mia moja tisini na mbili.

"Osmunda. Tangu lini?"

Binti akauvuta mkono, akauficha mapajani. "Ni uchovu tu."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu Krismasi. Inashuka siku mbili, inapanda tena, ndiyo maana hawajaniita." Akajaribu kucheka. "Mama, mimi nina kitu cha kukwambia. Siwezi tena. Nimeshindwa."

Dakika tatu.

Gaudensia alijua ni kitu gani. Alikijua tangu asubuhi, hakuhitaji kuambiwa, alihitaji dakika tatu tu za kimya. "Subiri kidogo, mwanangu," alisema kwa upole wote alionao. "Dakika tatu. Utaniambia tukiwa njiani."

"Haya," akasema Osmunda, akafumba mdomo.

Ndipo mama yake alipoona. Yeye aliyekwisha kuishi karibu mwaka mzima akitazama namba ukutani alijua namba zinavyokwenda, lakini hakuwahi kuona moja ikipanda hivi kwa sababu tu mtu ameambiwa anyamaze. Tisini na nne. Koo la Osmunda lilicheza, amemeza neno. Tisini na sita. Amemeza lingine. Mshipa ulikuwa umesimama shingoni kama kamba. Na kila mtu alijua mia mbili ni nini. Ukifika mia mbili hakuna kusubiri siku thelathini. Wanakuja na gari, wanakufungia kwako siku hiyo hiyo, na mtoto wa Osmunda wa mwisho bado ananyonya. Hiyo ni kama gari litamkuta hai, maana Ditrick hakuna gari lililomkuta.

Tisini na saba.

Dakika moja na sekunde kumi. Gaudensia alitazama mlango. Alimwona Sabina, safari hii hakumsukuma, na alitamani apige kelele, kwamba Mungu angemwongezea dakika moja tu, moja, asingemdai kitu kingine maisha yake yote. Tisini na nane.

"Sema," alisema.

"Zimebaki chache, Mama. Ngoja."

"Nimesema sema! Nakusikiliza."

"Mama mkubwa amefariki."

"Najua. Naenda kumzika."

Osmunda akatikisa kichwa, akaendelea kukitikisa kama mtu aliyepagawa. "Si leo. Leo ni mzee mmoja wa mashine ya mbao, humjui. Mama mkubwa tulimzika Novemba. Tarehe tisa. Alikuita mpaka mwisho, alisema mleteni Gaude, mleteni mdogo wangu, na mimi nilikuwa na simu mkononi ya kukuombea kibali, Mama, ni mimi nilikataa. Nilimwona baba. Nikasema sitazika wawili tena. Zile karanga za kutwanga nilizokuletea nikisema amekupa yeye, nilikuwa natwanga mwenyewe. Kila Jumapili nakwambia mguu unamsumbua, halafu natoka getini natapika."

Kifuani mwa Gaudensia kulikuwa na uzito kama amelaliwa na gunia. Novemba! Amepita Novemba anashona mapazia. Amepita tarehe tisa huku anaimba, pengine, anapika, anamtumia salamu mtu aliyekwisha kuoza. Alitaka kumpiga Osmunda. Mkono ulinyanyuka kabisa.

Saa ya mlangoni ilikuwa imebakiza sekunde ishirini na mbili. Ikazimika.

"Mama Osmunda, presha yako ni mia moja themanini na tano," ikasema Sauti. "Mdhamini amevunja orodha. Mlango hautafunguliwa kwa mtu yeyote mpaka wote wawili mtakapokuwa chini ya mia na arobaini. Tafadhali ketini. Vuteni pumzi taratibu."

Osmunda aliruka kwenye mlango, akaupiga kwa viganja viwili. "Nina mtoto mchanga! Nyie! Nina mtoto nyumbani!" Mlango ulikuwa chuma. Alipiga mpaka akachoka, akateleza nao mpaka sakafuni, akaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha msibani cha kutoka tumboni, ambacho tangu Novemba alikuwa hajakitoa kwa sababu kila alipokwenda palikuwa na mtu wa kufichwa.

Gaudensia akaenda akakaa naye chini. Mifupa ililia. Akaufungua ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, kiganja juu. Mia moja tisini na tano. Osmunda alilia, akapenga kamasi kwenye kanga, akalia tena. Tisini na moja. Themanini na sita. Mtoto wa watu alikuwa akishuka kwa kulia, jambo ambalo hakuna aliyeliandika mlangoni. Ya kwake mwenyewe hakuitazama. Sauti ilikuwa ikimsomea, na ilikuwa ikipanda.

"Nisamehe, Mama."

"Sijakusamehe. Bado. Usiniharakishe." Alifuta uso kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na kazi. "Alizikwa na nini?"

"Kitenge chako cha bluu. Nilikichukua sandukuni nikasema napeleka kufua."

Gaudensia akaguna, ikawa kilio katikati. Wakalia wote wawili, mmoja kwa msiba wa miezi minne na mwingine kwa msiba wa dakika mbili, mpaka jua likahama dirishani. Namba ya Osmunda ilisimama kwenye mia moja sabini na nne, ikagoma hapo. Mama yake aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kujua punje mbovu inapobaki.

"Yapo mengine," alisema.

Osmunda akataka kuuvuta mkono.

"Osmunda. Mangapi?"

"Matatu." Akaangalia ukuta, pale namba ya mama yake ilipokuwa imegeuka nyekundu. "Lakini siwezi, Mama. Tazama ulipofika. Ukipanda zaidi..."

Gaudensia alijisogeza mpaka bega likagusa bega, akauinua ule mkono wa binti yake akauweka mapajani mwake, ili yeye aone namba hiyo moja tu.

"Anza na lile linalokuuma zaidi," alisema.